Kijana Wetu Anaposimama Kueleza Utafiti Wake

Familia nyingi za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega siku hizi zina kijana aliye chuo kikuu. Wapo wanaosomea udaktari, uuguzi, ufamasia, maabara, kilimo au ualimu wa sayansi. Karibu na mwisho wa masomo ya shahada ya kwanza, vyuo vingi humtaka mwanafunzi achague swali moja, alichunguze kwa miezi kadhaa, kisha aandike alichokiona. Huo ndio utafiti wake. Baadhi yao huchaguliwa baadaye kwenda kuueleza mbele ya wanafunzi na walimu wa vyuo vingine, katika kongamano la wanafunzi la kanda. Hapo ndipo simu inapopigwa nyumbani: inatakiwa nauli, inatakiwa fedha ya kuchapisha bango, inatakiwa na shati la heshima.

Mzazi aliyeuza pamba au mbuzi kulipa ada ana haki ya kujiuliza. Je, safari hii ni sehemu ya masomo au ni matembezi? Ripoti si ameshaikabidhi kwa mwalimu wake? Kuna haja gani ya kwenda kuisema tena mbele za watu?

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unapenda kulijibu swali hilo, kwa sababu linagusa afya za familia zetu kuliko tunavyodhani. Ripoti iliyofungiwa kabatini haimponyi mtu. Utafiti huanza kuwa na faida siku unapotolewa mbele ya wenye ujuzi, ukaulizwa maswali, ikajulikana mahali uliposimama imara na mahali ulipolegea. Na faida hiyo hukamilika siku matokeo yanaporudi kwa wale waliopimwa. Tuyatazame yote mawili.

ALICHEKWA, LAKINI ALIULIZA

Nchi yetu ina mfano unaojulikana dunia nzima. Mwaka 1963, kijana Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari Magamba, wilayani Lushoto. Wanafunzi wa shule hiyo walipenda kutengeneza aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakasubiri yapoe, ndipo wakayaweka kwenye jokofu. Nafasi katika jokofu ilikuwa ndogo na waliokuwa wakiigombea walikuwa wengi.

Siku moja Mpemba aliona kwamba akisubiri maziwa yake yapoe, atakosa nafasi. Mwenzake alikuwa amechanganya maziwa na sukari bila kuyachemsha, akawahi kuyaweka. Basi Mpemba naye akayaingiza ya kwake yakiwa bado ya moto. Waliporudi baada ya saa moja na nusu, maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake bado yalikuwa uji mzito. Alimwuliza mwalimu sababu. Aliambiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Mpemba hakulisahau swali lake. Rafiki yake mmoja aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga alimwambia kwamba naye huanza na maziwa ya moto ili yagande upesi. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, aliuliza tena, na tena akakataliwa. Wenzake walifanya mzaha: kila alipokosea jambo darasani, walisema hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Ndipo siku moja mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam cha wakati ule, Dakta Denis Osborne, alipofika Mkwawa kutoa mhadhara. Baada ya mhadhara wanafunzi waliruhusiwa kuuliza. Mpemba alisimama. Aliuliza hivi: ukichukua vyombo viwili vyenye maji ya kipimo sawa, kimoja kikiwa na maji ya nyuzijoto 35 na kingine nyuzijoto 100, ukaviweka kwenye jokofu, kile cha nyuzijoto 100 huganda kwanza. Kwa nini? Wanafunzi wenzake walicheka. Wengine walimwambia baadaye kwamba amewaaibisha.

Dakta Osborne hakuamini. Hata hivyo hakumdharau kijana, bali aliahidi kwamba swali hilo litajaribiwa. Aliporudi Dar es Salaam alimpa fundi wa maabara kazi hiyo. Fundi alileta habari kwamba maji ya moto yameganda kwanza, akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu lililo sahihi! Walirudia, na jibu halikubadilika. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliandika pamoja makala katika jarida la Uingereza la walimu wa fizikia. Wakati huo Mpemba alikuwa akisomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka, karibu na Moshi. Tangu hapo wanasayansi wa mataifa mengi huliita jambo hilo kwa jina lake.

Kwa nini tumelileta simulizi hili katika ukurasa wa afya? Tumelileta kwa mambo matatu. La kwanza, Mpemba hakusema tu kwamba maji ya moto huganda haraka. Alitaja vyombo viwili, kipimo sawa, nyuzijoto 35 na nyuzijoto 100. Neno lililopimwa namna hiyo linaweza kujaribiwa na mtu mwingine. La pili, alisema mbele ya watu. Kama angebaki na swali lake bwenini, lingeishia kwenye mzaha wa wenzake. La tatu, aliyesikiliza alikuwa na unyenyekevu wa kujaribu kabla ya kukataa.

Na tuongeze la nne. Mjadala haujaisha hadi leo. Mwaka 2016, kwa mfano, watafiti wawili wa Uingereza walichapisha majaribio yao wakieleza kwamba hawakuona dalili ya kutosha ya jambo hilo, na kwamba mahali kipimajoto kinapowekwa ndani ya maji panaweza kubadili jibu. Wengine wanaendelea kulitetea. Hiyo si aibu kwa Mpemba. Jambo lililosemwa wazi hupingwa wazi, na kwa kupingwa elimu husonga mbele.

SWALI LILILO MLANGONI PETU

Sasa turudi kwetu Simiyu. Tuseme kijana wetu ni mwanafunzi wa maabara au udaktari katika chuo kimojawapo cha Mwanza, na amechagua kuchunguza kichocho katika shule moja ya msingi ya mkoa wetu. Hilo ni swali la kweli, kwa maana Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa sehemu za nchi zinazosumbuliwa sana na ugonjwa huu.

Kichocho huletwa na minyoo midogo inayoishi ndani ya mishipa ya damu. Mnyoo huu uligunduliwa mwaka 1851 huko Cairo na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz. Mgonjwa akikojoa au kujisaidia majini, mayai huanguliwa, na vijidudu vyake huingia katika konokono fulani wa majini. Humo huongezeka, kisha hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali. Mtu akiingia katika maji hayo, vijidudu hupenya ngozi yake bila yeye kusikia maumivu makubwa.

Kuna aina mbili katika nchi yetu. Kichocho cha tumbo hupatikana zaidi kando ya Ziwa Victoria, kama vile katika vijiji vya Busega vilivyo ufukweni. Kichocho cha kibofu hupatikana zaidi bara ya ndani, kwenye malambo, majaruba ya mpunga na madimbwi yanayobaki mito ya msimu inapokauka. Konokono wake anaweza kujificha kwenye tope kavu mpaka mvua irudi. Mkojo wa damu ndiyo dalili inayojulikana. Wapo wanaodhani kwamba mvulana kukojoa damu ni alama ya kukua. La hasha! Ni ugonjwa. Usipotibiwa unaweza kuharibu kibofu na figo, na hata kuleta saratani ya kibofu. Kwa wasichana na akina mama unaweza kuleta vidonda katika via vya uzazi, na vidonda hivyo mara nyingi hudhaniwa kuwa ugonjwa wa zinaa, na mgonjwa akaonewa bure nyumbani kwake.

Hapo msomaji anaona uzito wa kazi ya kijana huyu. Akisema katika shule hii ugonjwa ni mwingi wakati si kweli, dawa zitapelekwa mahali pasipo na haja. Akisema ni kidogo wakati ni mwingi, watoto wataachwa wakiumia. Kongamano ndipo mahali pa kumwuliza: umejuaje?

DAKIKA KUMI MBELE YA WATU

Katika makongamano ya wanafunzi kwa kawaida kuna njia mbili za kueleza utafiti. Ya kwanza ni kusimama mbele na kusema kwa dakika chache, mara nyingi 10, kisha kujibu maswali. Ya pili ni kuandika kazi yote kwenye bango kubwa, kulitundika ukutani, na kusimama kando yake wakati watu wakipita, wakisoma na kuuliza. Njia zote mbili zinataka maandalizi. Tunapenda kuwashauri vijana wetu mambo yafuatayo.

Kwanza, liwepo swali moja. Ripoti yaweza kuwa na kurasa 50, lakini dakika 10 hazibebi kurasa 50. Kijana aweze kusema kwa sentensi moja alichokitafuta. Kwa mfano: Katika shule hii, ni watoto wangapi wana mayai ya kichocho katika mkojo wao, na je, wanaochota maji lamboni wanaugua zaidi ya wanaochota kisimani? Akishindwa kulisema swali lake kwa sentensi moja, bado hajalielewa vizuri.

Pili, aeleze alivyofanya, ili mwingine aweze kurudia. Alichagua watoto kwa njia gani? Kama aliwachukua waliojitokeza tu, huenda walikuja wale waliojisikia wagonjwa. Kama hakwenda kuwatafuta wasiofika shuleni siku hiyo, huenda walio wagonjwa zaidi walibaki nyumbani. Mkojo ulichukuliwa saa ngapi? Hili si swali dogo. Mayai ya kichocho cha kibofu hutoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Aliyechukua mkojo alfajiri anaweza kuwaandika wagonjwa kuwa wazima. Kwa kawaida mililita 10 za mkojo huchujwa, mayai yakahesabiwa kwa hadubini. Akiyaona 50 au zaidi katika mililita hizo 10, mtoto huyo huhesabiwa kuwa na ugonjwa mzito.

Tatu, aseme hesabu kwa lugha ya watu. Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana amewapima watoto 120, akawakuta 42 wana mayai. Hiyo ni asilimia 35. Ni vizuri kuongeza kwamba maana yake ni watoto 7 katika kila 20, kwa kuwa msikilizaji anaweza kuwaona watoto 7 akilini mwake, ila asilimia 35 haioni. Tena aseme mipaka ya hesabu hiyo. Kwa watoto 120 waliochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka shule kubwa, kiwango cha kweli katika shule yote kinaweza kuwa popote kati ya asilimia 26 na 44. Na asiseme kabisa kwamba asilimia 35 ya watoto wa Mkoa wa Simiyu wana kichocho. Yeye alipima shule moja. Mkoa wetu, ulioanzishwa mwaka 2012, una wilaya tano, na maji ya Meatu si maji ya Busega.

Nne, asichanganye mambo kwenda pamoja na jambo moja kusababisha jingine. Huenda wanaochota maji lamboni wanaugua zaidi kwa sababu ya lambo. Huenda pia ni watoto wanaochunga ng'ombe na kuoga huko kila siku, na ndoo ya maji haihusiki. Msikilizaji mzuri atamwuliza hilo. Afadhali aulizwe kongamanoni kuliko kijiji kuambiwa kifunge kisima au lambo kwa sababu isiyo ya kweli.

Tano, bango liwe la kusomeka. Mtu aliyesimama hatua mbili aweze kulisoma bila kukaza macho. Maneno yawe machache, na mchoro mmoja mzuri hupita majedwali manne. Kichwa cha bango kitaje jambo lililochunguzwa na mahali.

Sita, na hili ndilo gumu: ajifunze kusema kwamba hilo sikulipima. Vijana wengi huogopa maswali, wakidhani kuulizwa ni kushindwa. Wakibanwa, hubuni jibu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nasi tunaongeza kwamba kukiri mpaka wa kazi yako si ujinga pia. Dakta Osborne alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, na mbele ya wanafunzi wa sekondari alikubali kwenda kujaribu jambo asilolijua. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu ana sababu gani ya kuona haya? Aandike swali alilopewa, amshukuru aliyeuliza, akalifanyie kazi.

HESHIMA YA WALIOPIMWA

Nyuma ya kila namba yupo mtoto wa mtu. Utafiti wa afya hauanzi na chupa ya mkojo, huanza na ruhusa. Katika nchi yetu utafiti unaohusu watu hupitiwa na kamati za maadili, za vyuo na ya taifa, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ina sehemu kubwa katika usimamizi huo. Mzazi wa mtoto aliye chini ya miaka 18 huombwa kibali, na mtoto mwenyewe, akiwa na umri wa kuelewa, huulizwa kama anakubali. Mzazi anaweza kukataa, na mtoto wake asinyimwe matibabu kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo kijana anapopanda jukwaani, asionyeshe picha ya uso wa mtoto mgonjwa, wala kutaja jina, wala kusimulia habari za kijiji kwa namna itakayowafanya watu wamjue fulani. Kichocho cha wanawake hasa kinataka uangalifu mkubwa, kwa sababu ya aibu na maneno ya watu. Tena aseme waziwazi walioonekana wagonjwa walitibiwaje. Kumhesabu mtoto mgonjwa na kumwacha arudi nyumbani bila dawa si sayansi, ni ukatili.

KUMSIKILIZA NYUMBANI KABLA HAJASAFIRI

Hapa wazazi mna kazi ambayo hakuna profesa awezaye kuifanya badala yenu. Kabla kijana hajapanda basi la kupitia Lamadi na Magu kwenda Mwanza, mwambieni akae sebuleni au chini ya mwembe, awaeleze utafiti wake kwa Kiswahili, na kwa Kisukuma kama bibi yupo. Asitumie kompyuta. Asitumie maneno ya kigeni pale yasipohitajika. Mpeni dakika 10 kwa saa ya mkononi.

Kisha mwulizeni. Huhitaji kusoma chuo ili kuuliza maswali yenye maana. Mwulizeni: Ulitaka kujua nini? Uliwapima wangapi, na uliwapataje? Uliona nini hasa? Ungeweza kuwa umekosea wapi? Waliokuwa wagonjwa wamepewa dawa? Na sasa sisi tufanye nini? Mama anayeteka maji kila siku anajua ni saa ngapi watoto huingia lamboni, na ni mwezi gani maji hupungua. Huenda akamwuliza mwanawe jambo ambalo halikumpitia akilini. Kijana akiweza kumjibu mama yake kwa maneno yaliyo wazi, wasikilizaji wa Mwanza hawatamtisha.

Kuhusu gharama, tunawashauri vijana kuuliza mapema chuoni. Yapo makongamano yanayosamehe ada ya wanafunzi au kusaidia nauli, nayo huwa na tarehe ya mwisho ya maombi. Kijana alete nyumbani barua ya mwaliko na mchanganuo wa fedha, mzazi aone kila shilingi inakwenda wapi. Na tuwaombe wazazi jambo moja: binti asiachwe nyumbani kwa sababu tu ni binti wakati kaka yake angepewa nauli. Mwulizeni atafikia wapi na atasafiri na nani, kama mnavyopaswa kumwuliza na mvulana, kisha mwachieni aende.

Wadogo zao nao wasisahauliwe. Mazoezi haya yanaweza kuanza sekondari. Tangu mwaka 2011 kuna mpango wa Young Scientists Tanzania, ulioanzishwa na Dakta Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry, ambao huwaita wanafunzi wa sekondari kufanya utafiti na kuuonyesha. Mwaka 2019 serikali nayo ilianzisha mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, yajulikanayo kama MAKISATU. Mwalimu wa sayansi wa shule yenu anaweza kuwaelekeza.

MATOKEO YARUDI KIJIJINI

Kijana ameeleza, amepigiwa makofi, pengine amepewa cheti. Kazi bado haijaisha. Watoto 120 waliotoa mkojo wao, wazazi waliotia sahihi, mwalimu mkuu aliyefungua darasa, hawa wote wana haki ya kuambiwa kilichoonekana. Mara nyingi watafiti hupita vijijini, wakachukua vipimo, na wasionekane tena. Baada ya hapo watu huchoka, na mtafiti anayefuata hufungiwa mlango. Mtoto wa Bariadi hana udhuru wa kufanya hivyo kwao.

Arudi na karatasi moja tu, kwa Kiswahili. Ampe mganga wa zahanati na mwalimu mkuu nakala. Aombe nafasi katika mkutano wa kijiji, katika kikao cha wazazi shuleni, au katika jumuiya ndogondogo. Hapo atakutana na kongamano lililo gumu kuliko la Mwanza, kwa sababu watu watamwuliza: basi tuoge wapi?

Awe na majibu ya kweli. Dawa ya praziquantel huua minyoo iliyokomaa, na hutolewa shuleni katika kampeni za kutibu watoto, ambapo mtoto hupimwa urefu kwa fito ili apewe vidonge vinavyomtosha. Mtoto ale chakula kabla ya kumeza, kichefuchefu kitapungua. Lakini dawa haizuii kuambukizwa tena. Akirudi majini leo, anaweza kuambukizwa tena. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mahali penye ugonjwa mwingi matibabu yawafikie watu wote kuanzia umri wa miaka 2, wakiwemo watu wazima, wala yasiishie kwa watoto wa shule. Kwa hiyo mvuvi, mkulima wa mpunga na mama anayefua wanapoona mkojo wa damu au kinyesi chenye damu, waende kupimwa.

Maji ya kuoga yaliyotekwa lamboni yakiwekwa kwenye pipa au tangi safi lisilo na konokono kwa siku mbili kamili, vijidudu vya kichocho hufa. Maji ya kunywa ni lazima yachemshwe hata hivyo, kwa sababu ya magonjwa mengine. Choo kitumike, hata shambani kuwe na mahali palipochimbwa, maana bila mkojo na kinyesi kuingia majini, konokono hawapati cha kueneza. Anayelima majaruba na hana budi kuingia majini, apimwe mara kwa mara.

Majibu haya hayahitaji mashine ya kuonyesha picha ukutani. Yanahitaji kijana aliyekwisha kuulizwa maswali magumu na wajuzi, akajua lipi analijua na lipi halijui, kisha akaja kusema kweli kwa watu wake.

Mzazi, kijana wako akipiga simu kuomba nauli ya kongamano, mwulize kwanza swali lake la utafiti ni lipi. Akilisema kwa sentensi moja, ukalielewa, msaidie kadiri ya uwezo wako. Kisha mpe sharti moja: akirudi, tarehe ya kuwaeleza wanakijiji iwe imekwisha kupangwa.